Tuliufuata Mto Lufira: siku tano za akina mama wa Kasapa barabarani

Nianze kwa kuungama. Kwa miaka kumi na moja nimesimama mbele ya ubao nikiwafundisha watoto jiografia ya Katanga. Nimechora Mto Lufira kwa chaki ya buluu, nikachora maporomoko yake kwa mistari mitatu ya kushuka chini, nikaandika pembeni: Mwadingusha, Koni, Kiubo. Nilipata diploma yangu ISP kwa kuyajua majina hayo kwa kichwa. Mwaka jana mtoto mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha kidole na kuniuliza:

“Mwalimu, weye ulisha kuona ile mayi?”

Darasa likanyamaza. Nikajibu ukweli: hapana. Sikuwahi kuvuka Likasi. Jioni ile nilipofika kwenye mkutano wetu wa likelemba nikawaeleza wenzangu jambo hilo, nikidhani tutacheka tu. Hatukucheka. Tulipohesabu, kati ya wanawake ishirini na watatu waliokuwa wameketi pale, kumi na tano hawakuwahi kutoka Lubumbashi isipokuwa kwa kilio au kwa ndoa. Ndipo mama mweka hazina akasema, “Basi twende.”

Makuta ya safari, na ugomvi wake

Tulikuwa kumi na wanane tuliokubali. Kila mmoja alitoa dola 2 kwa juma, kwa majuma 50. Hiyo ni dola 1,800, mbali kabisa na likelemba ya kawaida. Mpango wetu ulikuwa mkubwa: kufika mpaka Mbuga ya Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, yale yanayoanguka zaidi ya mita 340, kati ya yale marefu kabisa katika Afrika.

Maneno hayakukosekana nyumbani. Bwana wa mwenzetu mmoja alimuuliza, “Unalipa makuta juu ya kuona mayi? Mayi si iko hapa ku kisima?” Mwenzetu akamjibu kwamba yeye naye hulipa makuta ili aende kuona watu ishirini na wawili wakikimbiza mpira. Jambo likaisha hapo.

Ugomvi wa kweli ulikuja mwezi wa tano. Binti wa mwenzetu mmoja, mtoto wa miaka kumi na miwili, alipaswa kupasuliwa tumbo haraka. Hospitali ilidai malipo kabla. Tukaitana usiku. Wengine walisema: makuta yote yaende hospitali, safari ni anasa. Wengine walisema: tukianza kugusa makuta ya safari, hatutasafiri hata siku moja, kwa sababu nyumba ya mama haikosi tatizo. Wote wawili walikuwa na haki, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Dada mmoja alilia kwa hasira, akasema tangu aolewe kila kitu alichojiwekea kimekwenda kwa mwingine.

Mwishowe tulitoa dola 600: nusu zawadi, nusu mkopo usio na faida, wa kurudisha kidogo kidogo. Mtoto akapona. Zikabaki dola 1,200, na Kundelungu ikatoka katika hesabu. Tukachagua kuufuata Lufira mpaka Kiubo tu. Mama wa yule mtoto hakuweza kuondoka, lakini aliomba kiti chake kisiuzwe. Alimpa mama mkwe wake, mwenye miaka 66, ambaye sisi wote tunamwita Nkambo. Kumbukeni jina hilo.

Siku ya kwanza: Likasi, mji wa vilima

Tuliondoka mwanzo wa mwezi wa saba, masomo yakiwa yamefungwa, saa kumi na mbili asubuhi, katika baridi ile mnayoijua. Tulivaa masweta juu ya bitenge, na kila mmoja alibeba blanketi. Katika basi tulipanga mfuko wa unga, ndagala, mafuta, mbabula mbili na sufuria kubwa ya kanisa. Muongozaji wetu alikuwa kijana wa Likasi aliyesoma historia. Alikuwa anatungoja kwao.

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi za lami. Ukizoea Lubumbashi, ambako nchi ni tambarare, utashangaa namna barabara inavyoanza kupanda na kushuka ukikaribia Likasi. Mji umekaa katikati ya vilima: nyumba hapa juu, kiwanda kule chini, miti ya zamani kando ya barabara. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville, na jina la Likasi likarudi mwaka 1966.

Muongozaji alitupandisha mlimani mahali tulipoweza kuona Shituru na Panda, kule viwanda vya shaba vilipo. Alitueleza juu ya Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na mji huo, ambamo ilitoka sehemu kubwa ya uranimu iliyotumiwa kutengeneza mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. “Hapa kwetu?” aliuliza mama mmoja. Hapa kwetu. Nilifundisha Hiroshima kila mwaka na sikuwahi kuwaambia watoto kwamba jiwe lake lilichimbwa saa chache tu kutoka dawati lao.

Nawapa pia neno moja la afya nililolikumbuka pale, kwa maana vumbi la malori lilikuwa limetufunika. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na watoto hata kuliko wakubwa. Mama mwenye nyumba kando ya barabara ya malori aoshe mboga mara mbili, anawishe watoto mikono kabla ya kula, na asianike unga wala sombe pale vumbi linapopita.

Tulilala katika jumba la parokia, wanane upande huu, kumi upande ule. Tulipika bukari pamoja. Kitu cha ajabu: wanawake kumi na wanane walipika kwa nusu saa kile ambacho kila mmoja kwake hukipika kwa saa mbili peke yake.

Siku ya pili, asubuhi: kengele ya Kapolowe

Kapolowe ni nchi ya mashamba na samaki, karibu na Likasi. Pale kuna misheni ya zamani iliyoanzishwa na wamonaki Wabenediktini. Wamonaki hao walitoka katika abasia ya Saint-André, karibu na Bruges huko Ubelgiji, wakafika Katanga mwaka 1910, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, yule aliyekuwa askofu baadaye mpaka alipokufa mwaka 1958. Parokia nyingi na shule nyingi za upande wetu zilianza mikononi mwao. Ndugu zao wa leo wangali na monasteri yao Kiswishi, jirani na Lubumbashi.

Katekista mmoja mzee alitutembeza. Kanisa la matofali, miti mikubwa, ukimya. Yule mama wa vitumbua, ambaye si Mkatoliki, alimuuliza kama wamonaki hawachoki kuishi bila kwenda popote. Mzee akatueleza juu ya kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo ina karibu miaka 1,500. Wengi wanaijua kwa maneno mawili: sala na kazi. Lakini kanuni yenyewe, akasema, inagawa siku nzima: saa za kusali, saa za kazi ya mikono, saa za kusoma, saa za kulala. Kengele ikilia, mmonaki anaweka jembe chini, hata kama mstari haujaisha.

Mama wa vitumbua akakaa kimya kidogo, kisha akasema, “Kwangu hakuna anayepiga kengele.”

Sisi wote tulielewa. Yeye huamka saa tisa za usiku kukanda unga. Anauza mpaka saa nne, anakwenda sokoni, anafua, anapika, anasimamia masomo ya watoto, analala saa tano. Wamonaki ni wanaume waliofanya kazi kwa bidii, waliolima, waliojenga, waliofundisha, lakini waliona tangu zamani kwamba kazi isiyo na mwisho inamla mtu, wakaiwekea kengele. Mama hana. Ndiyo maana, wapenzi, sikubali tena mtu aniambie kwamba siku tano za safari katika mwaka mmoja ni anasa.

Tuliketi chini ya mti saa nzima bila kufanya lolote. Wawili walilala usingizi. Hakuna aliyewaamsha.

Siku ya pili, mchana: Mwadingusha, mahali maji yanapokuwa umeme

Karibu na Kapolowe kuna ziwa, Tshangalele. Wengi wetu tulidhani ni ziwa aliloliumba Mungu. Hapana: ni maji ya Lufira yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha. Zamani mto ule ulianguka pale kwa nguvu, na Wabelgiji wakayaita maporomoko hayo Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mwanajiolojia aliyepita Katanga kati ya miaka 1891 na 1893 na kuandika habari za madini yake. Kisha kampuni ya shaba ikahitaji umeme. Mto ukafungwa, ukaingizwa katika mabomba makubwa, na kiwanda cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930. Chini yake, mto huo huo, kikajengwa kingine cha Koni.

Niliwaeleza wenzangu kama ninavyowaeleza watoto. Maji yakianguka kutoka juu, yana nguvu. Yanaingia katika bomba, yanagonga gurudumu lenye mabawa, gurudumu linazunguka, linazungusha mashine, na mashine inatoa umeme. Maji yenyewe hayapotei. Yanatoka chini na kuendelea na safari. Mto unatuachia nguvu yake na kwenda zake.

Tulitazama tukiwa mbali kidogo, kwa sababu mahali pale panalindwa. Tuliona ukuta, tukaona nyaya nene zikipanda kilima kwenda Likasi na Lubumbashi. Chini ya nyaya kulikuwa na kijiji. Mama mmoja wa kijiji alikuwa anaukia moto wa kuni. Tukamsalimu, tukamuuliza kama wana umeme. Akainua macho kwenye nyaya, akatabasamu, akasema kwamba unapita tu.

Katika nchi yetu ni kama mtu mmoja kati ya watano aliye na umeme. Sisi wa Kasapa tumo katika huyo mmoja, ingawa ninyi mnajua usiku wetu: umeme unaondoka saa kumi na mbili wakati wa kupika, unarudi usiku wa manane wakati hakuna anayeuhitaji. Siku ile nilielewa jambo ambalo kitabu hakikunifundisha: bwawa lile halikujengwa kwa ajili ya sufuria zetu. Lilijengwa kwa ajili ya tanuru za shaba, na mpaka leo sisi tunapewa kinachobaki.

Na umeme ukikosekana, mama anawasha nini? Makala. Jibu la swali hilo tulilikuta siku iliyofuata.

Siku ya tatu: barabara ya makala

Tulitoka Likasi kabla ya jua, tukaelekea kaskazini. Lami iliisha, na mashimo yakaanza. Pale njia inapochepuka kwenda Bunkeya, muongozaji alisimamisha basi na kutueleza kuhusu Msiri, mfalme wa Bayeke, aliyetoka upande wa Tanzania ya leo na kufanya Bunkeya kuwa mji mkubwa wa biashara ya shaba, pembe za ndovu na, tuseme ukweli, watumwa. Alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, kwa sababu alikataa bendera ya mfalme Leopold. Misafara ile ya biashara ndiyo mojawapo ya njia zilizoleta Kiswahili huku kwetu. Kwa hiyo lugha ninayowaandikia leo ilipita barabara ile, kwa miguu.

Saa nne mpira wa gari ukapasuka. Wakati shofere akiubadilisha, tuliona moshi kando ya njia, tukaenda kutazama. Ilikuwa tanuru ya makala. Mzee mmoja na vijana wake walikuwa wamepanga magogo, wakayafunika kwa majani na udongo, wakaacha matundu madogo ili moto uungue polepole bila kuwaka. Kazi ya siku nyingi, mchana na usiku, kwa sababu udongo ukipasuka tu, moto unakula kila kitu na unabaki na majivu.

Kati yetu yupo mama anayeuza makala Kasapa kwa miaka tisa. Kwa makala ametunza watoto wanne. Hakuwahi kuona yanakotoka. Alisimama akitazama visiki. Vilikuwa vingi, mpaka mbali, pale palipokuwa na msitu wa miombo. Mzee akasema kwamba alipokuwa kijana, malori yalikuwa hayafiki huku kutafuta makala, miti ilikuwa ikipatikana karibu na mji.

Nkambo ndiye aliyetuonyesha hasara nyingine. Alishika kisiki na kusema, “Huu ni mutondo.” Mutondo ni mmojawapo wa miti ambayo majani yake huliwa na finkubala, na chini ya miti ya miombo ndipo uyoga wetu huota mvua zikianza. Mnalalamika sokoni kwamba bakuli moja la finkubala limekuwa ghali? Tumewapikia mti wao.

Nilidhani mwenzetu wa makala atajisikia kushitakiwa, na hakuna aliyetaka hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema: “Mimi sitaacha kuuza. Watoto watakula nini? Na ninyi mtapikia nini?” Kisha akamgeukia mzee na kuuliza swali la mfanya biashara: mti huu unachukua muda gani kurudi? Mzee akamwonyesha machipukizi kwenye kisiki kimoja. Miti ya miombo, akasema, haifi ukiikata vizuri. Shina linachipuka lenyewe, bila kupandwa. Kinachoua ni mbio za moto wa kila mwaka, na watu wanaong’oa visiki ili kulima, na kurudi kukata kabla mti haujawa mti. Ukiuacha miaka mingi, unarudi.

Waliongea wawili hao mpaka mpira ulipokuwa tayari, na sisi tukawangoja.

Kiubo

Tulifika mchana, tukiwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Kabla ya kuona kitu chochote tulisikia. Si sauti ya mto. Ni kama lori kubwa lisilofika wala kupita. Nkambo alikuwa amekaa karibu na dirisha. Akasema kwa sauti ndogo, “Ni hapa.”

Ndipo alipotueleza jambo ambalo hata mkwe wake hakulijua. Yeye alizaliwa upande wa Mitwaba. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alipata kazi mjini, nao wakashuka na jamaa yote juu ya lori la mizigo. Waliupita Lufira usiku. Hakuona kitu, alisikia tu ngurumo hiyo, akaogopa, na mama yake akamfunika masikio kwa mikono yake miwili. Mama huyo alikufa mwaka uliofuata. Kwa miaka 57 Nkambo hakurudi njia hiyo tena. Hakuwa na picha ya mama yake. Alikuwa na sauti ile tu.

Tulimshika mikono, wawili huku na huku, tukashuka naye polepole mpaka pale mtu anapoona vizuri.

Niseme nini, mimi mwenye chaki ya buluu? Lufira unakuja mpana na mtulivu, halafu nchi inakatika. Maji yote yanaanguka, kama mita 60, meupe kama unga, mpaka chini kabisa, na kutoka chini unapanda moshi wa maji unaolowanisha uso wako ukiwa ungali mbali. Na hapo tulikuwa katika kiangazi, mto ukiwa umepungua. Upinde wa mvua ulikaa palepale bila kuondoka. Mama wa vitumbua alipiga vigelegele, na hakuna aliyesikia hata yeye mwenyewe.

Nkambo alisimama muda mrefu. Alisema maneno kwa lugha ya kwao ambayo hayakuwa ya kwetu, nami sikuuliza. Kisha akaketi juu ya jiwe, akavua viatu, akaomba chai.

Usiku tulilala chini ya mahema, tukiwa tumebanana kwa baridi, na ngurumo ile ikituimbia. Nilifikiri juu ya maji yale. Ni yaleyale tuliyoyaacha Mwadingusha. Yalitoka katika mashine, yakapita Koni, yakatembea bondeni, yakapokea mito mingine, na Lofoi ile tuliyoikosa ni mmoja wa mito hiyo, inashuka kutoka Kundelungu na kuingia Lufira. Kwa hiyo, nilijiambia, hatukuikosa kabisa: sehemu yake ilitupitia mbele ya macho. Kutoka Kiubo maji yanakwenda kuingia Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe, mpaka baharini. Maji hayo yamefanya kazi, na hapa Kiubo yanaanguka bure, bila kumtumikia mtu. Hata mto una mahali pake pa kupumzika na kupiga kelele.

Kurudi, na kilichobaki mkononi

Siku ya nne tulirudi Likasi, ya tano tukafika Kasapa jioni, tukakuta watoto wote hai, nyumba zote zimesimama. Bwana mmoja alikuwa amejifunza kupika sombe. Mkwe wa Nkambo alikuja kumpokea na binti yake aliyepasuliwa, akitembea mwenyewe. Nkambo alimpa mtoto jiwe dogo jeusi alilolitoa Kiubo, lenye kulainishwa na maji. Mtoto akaliweka sikioni, akidhani litanguruma.

Katika mkutano uliofuata tulikata mashauri mawili. La kwanza: mwenzetu wa makala ndiye atakayesimamia fuko dogo la kununulia kila mwanachama mbabula ya udongo ile inayokula makala machache. Alikubali, ingawa atauza kidogo kidogo zaidi. “Wateja wangu wakibaki na makuta, watanunua na kitu kingine,” alisema. La pili: safari itarudi kila mwaka, na fuko la magonjwa litakuwa peke yake, ili siku nyingine tusimlaze mama mmoja akilia kwa sababu ya mwingine.

Kwa vikundi vinavyotaka kujaribu, hii ndiyo hesabu yetu ya watu kumi na wanane kwa siku tano:

- Basi dogo na shofere: dola 500
- Mafuta ya gari: dola 220
- Malazi: dola 175
- Chakula, mbali na unga tuliobeba: dola 130
- Muongozaji: dola 80
- Peaji na viingilio: dola 60

Jumla ni dola 1,165. Zilizobaki, dola 35, ndizo zilizoanzisha fuko la mwaka ujao.

Na mashauri machache. Kabla ya kutoka, ulizeni habari za barabara na za usalama kwa watu waliopita juma hilohilo, hasa upande wa Mitwaba, ambako kumewahi kuwa na machafuko. Chukueni muongozaji wa hapo, si wa mjini: anajua njia na anajua kuwasalimu wakubwa wa kijiji. Mbebe vitambulisho, maji ya kunywa, dawa za malaria, mipira miwili ya akiba. Kando ya maporomoko mawe yanateleza. Msiachie watoto mikono, wala msiogelee juu ya mahali maji yanapoangukia. Msirudi na takataka. Na kundi lisilo na uwezo wa siku tano linaweza kuanza na siku moja: Likasi na Kapolowe, kwenda na kurudi. Kengele ya Kapolowe inasikika na mtu wa siku moja pia.

Mwezi wa tisa masomo yalipofunguliwa, nilifika tena kwenye somo la mito ya Katanga. Nilichukua chaki ya buluu, nikachora Lufira. Yule mtoto wa kiti cha nyuma sasa yuko darasa jingine, lakini nilimwomba mwalimu wake amwachie dakika kumi. Akaingia, akasimama mlangoni.

“Niliona,” nikamwambia.

Akauliza, “Iko namna gani?”

Nikaweka chaki chini, nikaanza kueleza.